Somo: Kutoka faili la GenBank hadi protini kwa kutumia Biopython

Biopython ni maktaba ya chanzo huria ya Python kwa kazi za biolojia. Tutaijaribu kwenye jenomu rejea ya virusi vya SARS-CoV-2, namba NC_045512.2 kwenye GenBank (hifadhidata ya mifuatano ya jeni), yenye besi 29,903. Ni jenomu fupi na majibu yake yanajulikana, kwa hiyo kila hatua utaweza kuipima. Kupima ni muhimu kweli kweli, maana ukikosea programu mara nyingi haigomi: inakupa protini inayoonekana safi kabisa, kumbe siyo.

Hatua ya 1: Kusakinisha

Tenga mazingira pepe ili matoleo ya maktaba yasigombane na kazi zako nyingine:

```
python3 -m venv bio
source bio/bin/activate
pip install biopython
python -c "import Bio; print(Bio.__version__)"
```

Andika namba ya toleo kwenye kumbukumbu za kazi yako. Skripti yako usiiite Bio.py, kwa sababu Python itaichukua hiyo badala ya maktaba.

Hatua ya 2: Kupakua mara moja tu

```
from Bio import Entrez, SeqIO
Entrez.email = "barua pepe yako halisi"
with Entrez.efetch(db="nucleotide", id="NC_045512.2",
                   rettype="gb", retmode="text") as h:
    matini = h.read()
with open("virusi.gb", "w") as f:
    f.write(matini)
```

Seva za NCBI, kituo cha Marekani kinachotunza GenBank, zinaruhusu maombi 3 kwa sekunde kwa asiye na ufunguo wa API, na 10 kwa aliye nao. Ukihifadhi faili kwenye diski, huna haja ya kuisumbua seva kila unaporudia skripti. Taja namba pamoja na ile .2 ya mwisho; bila hiyo utaletewa toleo jipya zaidi lililopo siku hiyo.

Hatua ya 3: Kusoma na kupima

```
rek = SeqIO.read("virusi.gb", "genbank")
print(rek.id, len(rek))
```

Lazima uone 29903. Ikiwa siyo, usiendelee. Tumia `read` faili likiwa na rekodi moja. Zikiwa nyingi, tumia `parse`.

Hatua ya 4: Kutoa jeni na kuzitafsiri

Wengi huharibu kazi hapa. Kwenye faili, CDS ni sehemu ya jenomu inayotafsiriwa kuwa protini.

```
for f in rek.features:
    if f.type == "CDS":
        p = f.extract(rek.seq).translate(cds=True)
        print(f.qualifiers["gene"][0], f.location, len(p))
```

Jeni S imeandikwa 21563..25384 kwenye faili, lakini Biopython itakuonyesha [21562:25384]. Zote mbili ni sahihi. GenBank inahesabu kuanzia 1 na kuijumuisha namba ya mwisho. Python inaanza na 0 na kuiacha ya mwisho. Ukikata kwa mkono `rek.seq[21563:25384]`, unapoteza A ya ATG na kodoni zote (besi tatu tatu zinazosomwa pamoja) zinasogea: badala ya protini kuanza na MFVFLVLL, utapata CLFFLFY. Hesabu sahihi ni besi 3,822, yaani kodoni 1,274; ya mwisho ni ya kusimamisha, zinabaki asidi amino 1,273.

ORF1ab, jeni ndefu kuliko zote za virusi hivi, ni mtego mkubwa zaidi. Mahali pake ni join(266..13468,13468..21555). Tazama 13468 imetokea mara mbili: ribosomu inarudi nyuma besi moja na kuisoma tena. Ukikata kipande kizima 266 hadi 21555 unapata besi 21,290, ambazo hazigawanyiki kwa 3. Biopython itatoa onyo tu na kuendelea. Ukiwa umeweka `to_stop=True` (tafsiri iishie kwenye kodoni ya kwanza ya kusimamisha), utapata protini ya asidi amino 4,405, nayo ni protini ya kweli, ila ni ya ORF1a. Zaidi ya onyo hilo, hakuna kitakachokushtua. Njia ya `extract` inaunganisha vipande kama ilivyoandikwa na kukupa 7,096, na kwa jeni za uzi wa pili inageuza mfuatano yenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza: usikate kwa mkono pale ambapo faili limekwisha kukueleza mahali.

`cds=True` ni mlinzi wako. Inakagua kodoni ya kuanzia, urefu unaogawanyika kwa 3, na kwamba kodoni ya kusimamisha iko mwisho peke yake. Kimoja kikikosekana, inagoma.

Hatua ya 5: Kuchuja FASTQ

FASTQ ni faili la vipande vilivyosomwa na mashine ya kusomea DNA, kila besi ikiwa na alama yake ya ubora, Q. Ubora Q20 ni uwezekano wa kosa 1 kwa 100. Q30 ni 1 kwa 1,000. Usichuje kwa wastani wa Q. Kipande cha besi 100, nusu Q40 na nusu Q2, kina wastani wa 21 na kitapita, ilhali kinatarajiwa kuwa na makosa zaidi ya 31. Jumlisha uwezekano wenyewe:

```
import gzip
def makosa(r):
    return sum(10 ** (-q / 10)
               for q in r.letter_annotations["phred_quality"])

with gzip.open("R1.fastq.gz", "rt") as i, open("safi.fastq", "w") as t:
    SeqIO.write((r for r in SeqIO.parse(i, "fastq")
                 if makosa(r) <= 1), t, "fastq")
```

Ile "rt" usiisahau. Bila hiyo faili linafunguka kama baiti na SeqIO inakataa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Nina skripti ya zamani inaleta kosa kwenye Bio.Alphabet. Nisakinishe nini?*

Hakuna cha kusakinisha, ndugu. Bio.Alphabet iliondolewa toleo 1.78, mwaka 2020. Futa mistari hiyo. Ukitaka kuandika faili la GenBank, weka `rek.annotations["molecule_type"] = "DNA"`.

*Faili langu la FASTA (mifuatano isiyo na alama za ubora) ni kubwa, kompyuta inaganda. Natumia list(SeqIO.parse(...)).*

Hiyo `list` inabeba faili zima kwenye RAM. Pita rekodi moja moja kwa `for`. Ukihitaji kuchomoa rekodi kwa jina, tumia `SeqIO.index`. Haikubali gzip ya kawaida. Libane kwa bgzip.

*Nina R1 na R2, mafaili mawili yenye usomaji wa ncha mbili za kila kipande cha DNA. Nichuje kila moja peke yake?*

Hapana. Kipande kikitoka R1 kikabaki R2, jozi zote zinazofuata zinapishana. Fungua mafaili yote mawili pamoja, yasome kwa `zip`, na uandike jozi pale tu pande zote mbili zimepita.

*Za bakteria je? Protini zangu nyingine zinaanza na V.*

Hizo zinaanza na GTG. Tumia `translate(table=11, cds=True)`. Bila `cds=True`, GTG inasomwa kama kodoni ya kawaida, ndipo unapata V; ukiiweka, kodoni ya kuanzia inaandikwa M inavyostahili.