Mudi za kipanda uso: jinsi ya kuishi nazo bila kugombana na nyumba nzima

Kipanda uso kila mtu anakijua kwa kichwa kinachopwita upande mmoja, kutapika na kukimbia mwanga, ila kuna sehemu yake ambayo watu wengi hawaisemi na ndio inavunja mahusiano, nayo ni mudi. Mtu anakuuliza tu sukari iko wapi unamjibu kama kakutukania mama, au unakaa kitandani unalia na hakuna aliyekufanya kitu, halafu kesho yake kichwa kinapasuka na watu wanakwambia si umekasirika jana, umejitakia mwenyewe.

Sasa hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu mara nyingi wanakuwa wamegeuza mambo. Shambulio halianzi pale kichwa kinapoanza kuuma, ubongo unakuwa umeshabadilika masaa kadhaa kabla, kwa wengine hata siku mbili, na moja ya sehemu zinazohusika mapema ni haipothalamasi, kisehemu kidogo ndani ya ubongo kinachosimamia njaa, usingizi, kiu na homoni. Ndio maana kabla ya maumivu unapiga miayo ovyo wakati umelala vizuri, unaenda haja ndogo kila saa, shingo inakaza, unatamani vitu vitamu, na hasira au huzuni inakuja bila sababu. Kwa hiyo hasira ile inaweza kuwa ni dalili, siyo chanzo. Sikatai, stresi nayo inaamsha kipanda uso, hata kule kupumzika ghafla baada ya wiki ya presha kunaweza kukiamsha, lakini usikubali kila shambulio ligeuzwe kuwa kosa la tabia yako.

Utajuaje kama ni dalili au umekasirika tu kama binadamu wengine? Angalia imekuja na nani. Hasira peke yake baada ya mtu kukudhulumu hela yako, hiyo ni hasira halali kabisa. Hasira pamoja na miayo, shingo kukaza, mwanga wa simu kukuchoma macho na marashi ya mwenzio kukukera ghafla, hapo anza kujiandaa. Na siyo wote wanapata hasira, wapo ambao siku moja kabla wanajaa nguvu za ajabu, anafua mpaka mapazia, anapiga deki nyumba nzima, anaongea na kila mtu, halafu asubuhi haamki. Ukijijua uko hivyo, siku ukiona nguvu zimezidi kawaida punguza kidogo.

Njia rahisi ya kuijua ramani yako ni kuandika kwenye simu, sehemu ya notisi inatosha, huhitaji programu ya kulipia. Kila siku mstari mmoja: mudi ikoje, umelala vipi, umeruka mlo au hapana, kichwa kimeuma au hapana, dawa gani umemeza. Wanawake muweke na siku za hedhi, maana homoni ya estrojeni inashuka karibu na hedhi na wengi wanashikwa siku mbili kabla hadi siku ya tatu ya hedhi, na mudi ya kipanda uso inachanganyika na mudi ya hedhi mpaka hujui ipi ni ipi. Ukiandika miezi miwili mitatu utaanza kuona.

Dalili zikianza fanya mambo madogo madogo: kula hata kama hujisikii, kunywa maji, toka juani, ahirisha kile kikao au yale mazungumzo ya ada na shemeji, na usijibu kitu kwenye grupu la WhatsApp la familia, hata kama wamekuchokoza. Halafu waambie wa karibu kabla haijachemka. Andaeni maneno siku ukiwa mzima, mafupi, kwa mfano: "Kichwa kinanijia, nitakuwa mkimya, sijakukasirikia." Unamtumia mume au mke, dada wa kazi, mtu unayekaa naye ofisini, basi, huna haja ya kuhutubia. Watoto nao waambiwe, kwa lugha yao, mama anaumwa kichwa siyo kwamba amewachoka, kwa sababu mtoto asipoambiwa anaamini ni yeye.

Maumivu yakianza dawa yako uimeze mapema yakiwa bado madogo, kwa sababu kwenye kipanda uso tumbo huwa linafanya kazi taratibu na ukichelewa kidonge kinakaa tu au unakitapika. Chumba cha giza, kitambaa cha maji baridi, simu mbali. Hofu nayo inapanda wakati huu, hasa kwa wale wanaoona vimulimuli au mistari ya kumetameta, hiyo kawaida inakaa dakika 5 hadi 60 inaisha, kwa hiyo angalia saa, pumua taratibu, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Na wewe unayemuuguza, jamani, usiingie kila dakika kumi kuuliza unaendeleaje, weka maji na beseni pembeni, funga mlango.

Kichwa kikishaacha wengi wanadhani yameisha, kumbe siku inayofuata ndio ya uzito, akili nzito, huzuni, aibu ya yale uliyoyasema. Ihesabu hiyo siku kama bado unaumwa. Omba radhi kwa sentensi moja kwa uliyemuumiza, kwa sababu kuumwa hakufuti neno baya, ila usijitafune siku nzima. Kazi nyepesi, kutembea kidogo jua likipoa, na maamuzi ya kuacha kazi au kuachana na mtu yasubiri.

Kuhusu dawa kuwa mwangalifu, ukimeza Panadol za kawaida au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zenye mchanganyiko na kafeini au dawa za jamii ya triptani (zile maalumu za kutuliza shambulio la kipanda uso) siku 10 au zaidi, dawa zenyewe zinaweza kuanza kuleta kichwa, na mtu anayeumwa kichwa kila siku mudi yake utaijua.

Nenda hospitali haraka kama kichwa kimekuja ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki, au kuna homa na shingo kukakamaa. Na kama huzuni haiondoki hata siku ambazo kichwa hakiumi, wiki mbili sasa hupendi chochote, hulali, hiyo siyo ya kipanda uso peke yake, sonona na wasiwasi vinawapata sana watu wenye kipanda uso na vinatibika. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu na uende siku hiyo hiyo.

Kwa daktari nenda na zile notisi zako, na umtajie mudi, usiishie kwenye kichwa, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia mashambulio kama topiramati na flunarizini zinaweza kumshusha mtu mudi, wakati amitriptilini inazuia kipanda uso na asili yake ni dawa ya sonona. Asipojua unalia kila mwezi atachaguaje?