Jinsi ya Kukokotoa Thamani ya Bidhaa Zilizobaki Dukani

Wafanyabiashara kadhaa wa Marikiti ninaowafungia hesabu za mwaka huniletea daftari la mauzo lililopangika vizuri, lakini nikiwauliza thamani ya mzigo uliobaki ghalani hunitajia bei ya kuuzia badala ya gharama yake. Hapo ndipo faida inapopotoka. Tuchukue mfano wa duka la jumla la mchele, kwa mwezi mmoja.

Hatua ya kwanza, ambayo kwangu ni nzito kuliko zote, ni kupata gharama kamili ya kila mfuko. Bei ya ankara haitoshi: ongeza ushuru wa forodha, gharama za kuutoa mzigo bandarini Kilindini, nauli ya lori na ujira wa mahamali walioupakua. Usiongeze kodi ya ongezeko la thamani utakayorejeshewa, wala pango la ghala ambamo mchele unamngoja mnunuzi. Mkokoteni ulioleta mzigo dukani ni gharama ya bidhaa, ilhali ule unaompelekea mteja ni gharama ya mauzo, hata kama anayeusukuma ni yule yule.

Hatua ya pili, orodhesha mizigo kwa tarehe. Mwezi ulianza na mifuko 40 ya gharama ya shilingi 3,000 kila mmoja, ikaingia 60 ya shilingi 3,200, kisha 50 ya shilingi 3,480. Jumla ni mifuko 150 kwa shilingi 486,000. Iliuzwa 110 kwa shilingi 3,800 kila mmoja, yaani shilingi 418,000. Ingia ghalani uihesabu 40 iliyobaki kwa macho yako.

Hatua ya tatu, chagua kanuni. Kwa kanuni ya kinachoingia kwanza kutoka kwanza, 40 iliyobaki ni ya mzigo wa mwisho, yaani shilingi 139,200. Gharama ya iliyouzwa ni 346,800 na faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama hiyo, 71,200. Kwa wastani wa mwezi mzima, gawanya 486,000 kwa 150 upate 3,240. Mabaki ni 129,600 na faida ghafi 61,600. Mchele ni ule ule, ila bei zilipanda. Hamali akitoa mfuko mpya uliopangwa juu, hesabu haiharibiki, kwa kuwa kanuni hufuata mtiririko wa gharama, si wa magunia. Muuza magari yaliyotumika, ambaye kila gari lake lina nambari yake ya chesi, hufuata gharama ya gari lenyewe.

Kanuni ya kinachoingia mwisho kutoka kwanza ingeleta faida ya 52,000 tu, na huwavutia wanaoogopa kodi. Marekani bado inairuhusu, lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2, ambacho wahasibu wa Kenya hukifuata, kinaikataza. Ukishachagua, usibadilishe kila mwaka kwa kutafuta faida ndogo.

Hatua ya nne, linganisha gharama na kiasi ambacho mzigo utaingiza ukiuzwa, kisha uchukue kilicho kidogo. Tuseme umetumia kanuni ya kwanza, na mifuko mitano imelowa wakati wa masika: kila mmoja utauzwa shilingi 2,500, baada ya kutumia 100 kuupakia upya. Thamani yake ni 2,400 badala ya 3,480, kwa hiyo punguza shilingi 5,400. Mabaki yanakuwa 133,800 na faida 65,800. Andika hasara hiyo katika mwezi huo huo, bila kungoja siku mifuko itakapouzwa.