Kuandaa kiwango cha kimataifa kwa lugha za kompyuta za ukoo mmoja

Kabla ya kuandika ukurasa wowote, kusanyeni kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) zinazofanya kazi, angalau mbili zilizotengenezwa na watu mbalimbali. Kiwango kisichotokana na programu inayotumika hubaki kwenye makaratasi.

Kisha choreni jedwali la tofauti. Chukueni ukoo wa Lisp, wenye lahaja kama Common Lisp na Scheme, mkaandika `(if '() 1 2)`, yaani: kama orodha tupu `'()` ni kweli jibu ni 1, la sivyo ni 2. Common Lisp hujibu 2, kwani kwake orodha tupu ni sawa na "si kweli". Scheme hujibu 1, maana huko ni `#f`, alama ya "si kweli", pekee isiyo kweli. Kila upande una programu za miaka mingi zinazotegemea jibu lake, kwa hiyo kuruhusu majibu yote mawili si suluhisho. Hapa ni kuchagua tu.

Njia ni mbili. Mnaweza kuifanya lahaja moja kuwa msingi, kama Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu mbele ya Kimvita. Au mkate kiini kidogo kinachokubalika na wengi. ISLISP, yaani kiwango ISO/IEC 13816 cha mwaka 1997 (ISO na IEC ni mashirika ya kimataifa ya viwango), ilizingatia Common Lisp, EuLisp, Le Lisp na Scheme, ikatoka lugha ndogo. Katika suala la orodha tupu ikafuata Common Lisp. Kwa ukoo wenye mivutano, njia hii ya pili ni bora, ingawa programu za zamani zitahitaji kurekebishwa.

Ndani ya ISO, lugha za programu zipo chini ya kamati ndogo SC 22 ya JTC 1, kamati ya pamoja ya ISO na IEC ya teknolojia ya habari. Kila nchi ina mwanachama mmoja, na wa Tanzania ni TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Aliyeko Unguja au Pemba aanzie Taasisi ya Viwango Zanzibar, aombe kuunganishwa na TBS. Ulizeni mapema kama nchi ni mwanachama wa daraja la P (mshiriki kamili, si mtazamaji) katika kamati hiyo, kwa kuwa kura ya kupitisha pendekezo ni ya hao.

Pendekezo jipya linahitaji theluthi mbili ya kura zao, pamoja na nchi 4 au 5, kulingana na ukubwa wa kamati, zilizo tayari kutoa wataalamu. Hapa ndipo wengi hukwama: kura za ndiyo zipo, wa kufanya kazi hayupo. Watafuteni kabla ya kura. Baadaye DIS, yaani rasimu ya kiwango cha kimataifa, hupigiwa kura kwa wiki 12. Tena theluthi mbili, na kura za hapana zisizidi robo.

Katika uandishi, tenganisheni "ni sharti", "inafaa" na "inaruhusiwa". Mnachoacha wazi, semeni kuwa kimeachwa. Katika `(f (soma) (soma))`, ambapo `f` hupewa data mbili zinazosomwa moja baada ya nyingine, Common Lisp huanza kushoto. Scheme haikupanga utaratibu, hivyo data ya faili inaweza kuingia kinyume bila kosa lolote kuonekana. Kila "ni sharti" lipeni jaribio lake, na lisilojaribika lirudi kwa mhariri liandikwe upya.