Gavana akishaapishwa: namna ya kufuatilia serikali ya muungano ikiundwa hapa Mombasa

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na ukikaa baraza la kahawa jioni stori ni moja tu, nani atakua gavana. Sawa, lakini mi nataka tuongee yale ya baada ya hapo, maanake serikali ya kaunti haiundwi siku ya kura. Yaundwa wiki zile watu washarudi makazini, hakuna mziki wala tishati za bure, na vyama vilivyoungana ndio vyakaa chini kugawana. Hizo wiki ndizo zangu na zako.

Kwanza ujue kalenda. Gavana huapishwa Alhamisi ya kwanza baada ya siku kumi kupita tangu matokeo yatangazwe. 2022 hapa kwetu kura ya gavana iliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikua na makosa, tukapiga 29 Agosti, na Abdulswamad Nassir akaapishwa Alhamisi tarehe 15 Septemba. Wiki zinazofuata majina ya mawaziri wa kaunti, wale twawaita CEC, yapelekwa bunge la kaunti, na mtu akisinzia kidogo tu asikia washaapishwa wote.

Sasa huo muungano wenyewe. Vyama vikiungana rasmi makubaliano yao yawekwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, sio yale ya jukwaani. Muungano wa Azimio wa 2022 ulikua na ODM, Wiper, Jubilee na wengine kibao. Usiishie kuuliza nani yuko na nani, uliza yale makubaliano yasema nini juu ya kaunti, ama ni vyeo vya Nairobi tu vimeandikwa. Ukitaka taarifa ya serikali andika barua, sheria ya kupata habari ya 2016 yampa afisa siku 21 za kukujibu.

Alafu hesabu ya bunge. Mombasa tuna wadi 30 kwenye maeneo sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Juu ya wale 30 waongezwa wa kuteuliwa, ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili na makundi yaliyotengwa yapate sauti. Tuseme mfano tu, chama cha gavana kipate wadi 13, mwenzake 7, upinzani 10. Hapo gavana peke yake hapitishi kitu, yuwamhitaji yule wa 7, na ukiona yule wa 7 apewa wizara kubwa usishangae, bei ishalipwa. Ndio maana listi ya mawaziri haisomeki bila hesabu ya MCA, yaani wabunge wa kaunti, pembeni. Spika naye mtizame, achaguliwa na MCA lakini yeye si MCA.

Majina yakitoka chukua daftari, ukurasa mzima ulalie upande. Chora safu nne: jina na wizara, chama kilichomleta, eneo anakotoka, kazi aliyofanya kabla. Hiyo ya nne iandike kwa ukweli, sio "mwanasiasa mkongwe", andika alisimamia nini na kilikwendaje. Katiba ibara ya 179 yasema bunge likiwa na watu 30 au zaidi mawaziri wasizidi 10, na hakuna MCA anayeweza kua waziri. Naibu gavana hapigwi msasa, yaani hahojiwi na bunge kabla ya kupitishwa, kwa sababu alichaguliwa pamoja na gavana kwenye karatasi moja, lakini gavana aweza kumpa wizara, kwa hivyo naye muandike.

Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 yamtaka gavana aangalie sura ya watu wote wa kaunti anapoteua. Daftari likijaa utaona wenyewe kama Likoni imesahauliwa, ama kama watu wanne watoka mtaa mmoja. Lakini nakuomba sana usianze na kabila, anza na ile safu ya nne. Mtu wa kwetu asiyejua afya hatatupatia dawa pale hospitali ya Coast General.

Na wizara zenyewe hazilingani. Afya, maji, barabara za kaunti, masoko, chekechea, hizo ndizo za kaunti, na hapo ndipo chama mshirika kitavutana. Bandari na feri ya Likoni ziko chini ya serikali kuu, kwa hivyo akija mtu akuahidi kua waziri wake wa kaunti atatengeza feri, mwambie pole pole kua hapo hapana mamlaka yake.

Sasa msasa wenyewe, na hapa nimeshaumia mimi. Kuna tangazo hutoka gazetini likitaja majina na siku ya kuhojiwa, na mwananchi yeyote aweza kupinga kabla ya siku hiyo. Mwaka mmoja nilikesha usiku nikaandika barua kurasa tatu juu ya mtu niliyejua aliacha mradi wa maji umekufa, asubuhi nikaipeleka, yule aliyeipokea akaifungua akaniuliza kiapo kiko wapi. Sikua nacho. Sheria yataka maelezo ya maandishi yaliyo chini ya kiapo, na mi nilikua na barua tu, nikarudi nayo kwapani na siku ya pili msasa ukaisha.

Kwa hivyo fanya hivi. Andika mafupi, mambo uliyoyaona mwenyewe ama una karatasi zake, uvumi wa mtaani uache. Ambatisha risiti, picha, barua za zamani. Nenda kwa wakili akakuapishe, agonge muhuri kila kiambatisho, alafu upeleke kwa karani wa bunge kabla ya siku ya mahojiano. Beba nakala mbili, moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Siku ya msasa ingia ukae na daftari lako, na kila MCA wa chama mshirika akiuliza swali, ama akinyamaza, muandike jina lake na wadi yake.