Boma hai na malisho ya ndama: mwongozo kwa wafugaji wa Simanjiro

Mfugaji anayelaza ng'ombe wake katika boma la miiba hulazimika kukarabati ukuta wake mara kwa mara, kwa sababu matawi ya migunga yakishakauka huliwa na mchwa, na kila ukarabati hudai migunga mingine ikatwe. Boma hai, yaani uzio wa wavu wa waya ulioshikiliwa na miti inayoendelea kukua, hupunguza sana kazi hiyo na huinusuru miti ya jirani. Hata hivyo, boma la namna hii halihamishwi kwa urahisi, na ndiyo maana nashauri kwamba kabla ya kununua hata mita moja ya wavu, mfugaji atafakari kwa makini mahali atakapolijenga.

Chagua sehemu yenye mteremko mdogo, ambapo maji ya mvua hayatuami na samadi haigeuki tope, kwani tope huozesha kwato na kudhoofisha ndama. Epuka ukingo wa korongo lenye vichaka vizito, kwa kuwa chui na fisi hupata maficho hapo hadi karibu kabisa na ukuta. Jambo ambalo wengi hulisahau ni nyumbu. Mvua zinaponyesha, nyumbu na pundamilia hutoka Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na kutawanyika katika tambarare za Simanjiro, na nyumbu huzaa huko, hasa kati ya Februari na Machi. Ndama wa nyumbu katika miezi yao ya mwanzo humwaga kirusi ambacho hakiwadhuru wao, lakini ng'ombe anayeugua kutokana nacho karibu hakika hufa, wala hakuna dawa ya kumponya. Boma likijengwa pembeni mwa uwanda wanakozalia, mfugaji atalazimika kuwaweka ng'ombe wake mbali na nyumbu, na hivyo atakuwa amejinyima malisho yaliyo mlangoni pake katika majira ambayo nyasi ni nzuri kuliko wakati mwingine wowote.

Nguzo zinazofaa zaidi ni za miti ya jamii ya komifora, ambayo mmojawapo Wamasai huuita osilalei, kwa sababu tawi lake likisimikwa ardhini huchipua lenyewe. Kata matawi yaliyonyooka, manene kama mkono wa mtu mzima, wakati mti umepukutisha majani na mvua zinakaribia, na uyachukue kutoka miti mingi badala ya kumaliza mmoja. Yaache kivulini siku chache ili jeraha la mkato likauke, kisha yafukie kwa kina cha nusu mita au zaidi na kushindilia udongo vizuri. Yasimike kwa ukaribu, kwa kuwa baadhi hayatachipua, nawe utahitaji kujaza mapengo msimu unaofuata. Wavu ufungwe kwa upande wa nje wa nguzo, uwe mrefu kumzidi mtu, na ukingo wake wa chini ufukiwe au ukandamizwe kwa mawe mazito, maana fisi hutafuta upenyo chini. Usiukaze waya ukiuzungusha shina zima, kwa sababu mti utakaponenepa waya utaukata.

Lango ndilo mahali ninapopatilia mkazo kuliko pengine popote. Wafugaji wengi hutumia fedha zao zote kwenye wavu kisha wakaziba mlango kwa tawi la mgunga, na hapo boma zima hubaki na nguvu za lile tawi tu. Tengeneza mlango wa mbao ngumu uliofunikwa kwa mabati au mapipa yaliyokunjuliwa, usioacha nafasi chini wala pembeni. Ni lazima pia mlango na ukuta vihimili msukumo wa kutoka ndani, kwa sababu mara nyingi simba haingii bomani: ng'ombe wakisikia harufu yake hutaharuki, huvunja ukuta, na huuawa huko nje gizani. Kwa mbuzi, kondoo na ndama wachanga ongeza zizi dogo lenye paa ndani ya boma, kwani chui anaweza kuukwea ukuta.

Boma likishatulia mahali pamoja, nyasi zinazolizunguka huisha haraka zisipolindwa. Ndiyo faida ya alalili, eneo la karibu linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, wanyama wagonjwa na majike wanaonyonyesha. Mipaka yake isiachwe kwenye makubaliano ya majirani wawili pekee. Ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi na ilindwe kwa sheria ndogo, ili anayekuja kutafuta shamba la mahindi akute eneo hilo limekwisha kutengwa. Kijiji cha Terrat kilianza mwaka 2005 kulipwa na kampuni za utalii kwa kutoruhusu kilimo katika sehemu ya tambarare zake, huku ufugaji ukiendelea. Nami naona mpango wa aina hiyo unastahili kujadiliwa katika vijiji vingine vyenye malisho ya wazi.

Uchungaji wa mchana nao usilegezwe kwa sababu ya boma imara. Katika nyika hii mashambulizi ya simba na fisi huongezeka majira ya mvua, wanyamapori wanapotawanyika nje ya hifadhi, hivyo ni busara miezi hiyo watu wazima waandamane na mifugo, wairudishe jua lingali juu, na waihesabu langoni kila jioni, kwani mnyama aliyepotea ndiye rahisi zaidi kuuawa.

Hasara ikitokea, usitie sumu kwenye mzoga. Sumu hiyo huua tumbusi, mbwa wako na hata mifugo ya jirani, nayo ni kosa kisheria. Acha mzoga na nyayo kama zilivyo, piga picha, kisha toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori, kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua malipo kwa hasara ya mifugo iliyosababishwa na wanyama hatari, na ombi lisilo na ushahidi wa mapema ni gumu kuthibitishwa.