Ukivua gi, mikono ishike wapi?

Mwaka wangu wa kwanza wa jiu-jitsu, mchezo wa kukabana na kukunjana viungo mkekani, hapa Abu Dhabi nilijua kucheza na gi tu, yaani lile koti na suruali ya kitambaa kizito. Natoka lindo la usiku, nalala, jioni niko mkekani nimeng'ang'ania ukosi wa mtu. Siku nilipoingia darasa la bila gi nilikuwa na mkanda mweupe wenye vistari vitatu na kiburi cha kutosha. Ndani ya dakika tano kijana mwembamba alinifanya nigonge mkeka, yaani nisalimu amri, mara tatu. Jasho lilimfanya kambale. Vidole vyangu vilifumba hewa.

Hata hivyo, anayeanza namwambia aanze na gi. Kitambaa kinapunguza utelezi, kwa hiyo huwezi kujichomoa kwa papara. Inabidi ujifunze kusogeza nyonga. Ila siku moja kila wiki ivue. Vijana hapa watakupinga, hasa wafuasi wa ADCC, mashindano ya bila gi yaliyozaliwa mji huu huu mwaka 1998. Waache.

Kila unapofundishwa mbinu, jiulize: kitambaa kikiondoka, nitashika nini? Aliyeshika mkono wa gi atashika kifundo cha mkono. Aliyeshika kitambaa cha kiwiko atapeleka kiganja nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko. Ukosi unageuka kuwa kisogo.

Zoezi lililoniokoa halidai ununue chochote. Lala chali, mfunge mwenzako kiunoni kwa miguu, nyote mmevaa gi. Dakika tatu za kwanza vuta ukosi na mkono wa gi, asikae wima. Dakika tatu zinazofuata ni marufuku kushika kitambaa. Utaona unavyohangaika! Vuta kwanza kwa magoti, ukiyaleta kifuani kwako, ndipo aje mbele. Akishainama, weka kiganja kimoja kisogoni na kingine juu yake. Usisokote vidole, vitanasa. Viwiko vyako vibane mbavu zako. Akiinua kichwa kwa nguvu, usishindane naye: inuka ukae pamoja naye, pitisha mkono chini ya kwapa lake, ufike mgongoni. Mkono wa kwapani haujali kama mtu kavaa gi au fulana, ndiyo maana naupenda kuliko mshiko wowote.

Kuna vitu havihami. Kaba ya ukosi kwa mikono iliyopishana, aliyoitumia sana bingwa Roger Gracie akiwa amekaa juu ya kifua cha mtu, inabaki kwenye gi. Upande wa bila gi jifunze ile kaba ya mkono kutoka nyuma, ambayo sisi Nairobi tunaijua kwa jina la ngeta, na wenzetu wa Dar wanaiita roba ya mbao. Wahuni walitutangulia.

Jihadhari na miguu. Kusokota kisigino cha mwenzako kunakatazwa kabisa kwenye gi na IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu. Bila gi, tangu 2021 wanaruhusiwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi. Sheria hiyo ina sababu: goti linaweza kuchanika kabla hujasikia maumivu. Kisigino kikikamatwa, gonga mapema, mengine mtaongea baadaye.

Mavazi ni machache: fulana ya kubana, na kaptula isiyo na mifuko wala zipu, maana kidole cha mtu kikiingia mfukoni ni balaa. Kata kucha. Oga mara ukimaliza, ngozi kwa ngozi huleta choa. Gi ifue siku hiyo hiyo kwa maji baridi, uianike kivulini. Kwa mashindano ya IBJJF, ukinyoosha mkono mbele, ncha ya mkono wa gi isipungue zaidi ya sentimita 5 kutoka kwenye kifundo. Yangu ya kwanza niliitia kwenye mashine ya bwenini na maji ya moto. Sasa anaivaa jirani yangu wa kitanda cha juu, na bado inambana.