Rekomendesheni za chuo: kabla hujamfuata ticha, jaza fomu yake kichwani

Wengi wakianza kuomba vyuo vya Marekani wanafanya kitu kimoja, wanafungua ripoti zao, wanatafuta wapi kuna A, alafu wanamfuata huyo ticha aliyewapa ili awaandikie rekomendesheni, yaani barua ya kuwaelezea kwa chuo. Mi mwenyewe nilianza hivohivo na nikaumbuka, nakuja huko. A yako chuo kinaiona kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo na maksi zako, haihitaji shahidi. Ticha anaombwa aseme yale ambayo transkripti haina.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mtu, jua kwanza anaenda kujaza nini. Ukiomba kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, ambao unatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ticha anapewa sehemu ya kuweka barua yake na pia fomu. Kwenye fomu anaulizwa amekufahamu muda gani na kivipi, amekufundisha nini, na maneno gani ya kwanza yanamjia kichwani akikufikiria. Alafu kuna jedwali la kutiki, na hapa usome taratibu: uandishi wako, ubunifu, unavyochangia mijadala darasani, nidhamu ya kazi, ukomavu, uaminifu, unavyojali wenzio, unavyopokea mambo yakikuendea kombo. Alama zinaanzia chini ya wastani zinapanda, asilimia 10 ya juu, asilimia 5, mpaka ile ya mwisho kabisa ya kwamba huyu ni mmoja wa wachache niliowahi kukutana nao, yaani asilimia 1. Ila pembeni kuna kisafu kingine kwa ajili ya ticha ambaye hana msingi wa kukuhukumu kwenye hicho kipengele. Hicho kisafu ndo cha kuogopa, maana ticha anaweza akawa anakupenda kabisa na bado akakijaza tiki kwa sababu hakujui.

Sasa chukua karatasi, andika maticha wanne au watano, alafu kwa kila mmoja jifanye we ndo yeye na ujibu. Maneno matatu ya kwanza angesema nini? Kama jibu ni "mwerevu, mpole, anajituma" huyo mweke pembeni kwanza, maneno hayo anaandikiwa kila mtu. Kipengele cha kupokea mambo magumu, aliwahi kukuona umefeli kitu? Mijadala, amewahi kukusikia ukibishana? Ukiona kwa ticha fulani unaanza kukumbuka siku maalum, sio sifa bali siku, ujue hapo kuna barua.

Mi nilienda kwa ticha wa hesabu. A mwaka mzima, nakaa nyuma, sisemi, nakusanya kazi naondoka. Akakubali vizuri tu. Siku mbili baadae akaniita kwenye korido akaniomba nimwandikie pointi chache kuhusu mimi, alafu akauliza, kwa upole kabisa masikini, kama nilikuwa kipindi cha asubuhi au cha mchana. Nikajua hapa hamna kitu. Ikabidi nimfuate ticha wa kemia, ambako muhula wa kwanza nilipata C, na nilimfuata kwa aibu kweli. Nilipomwambia akacheka, akasema "we ndo yule ulikuwa unakuja na mtihani umeukunja mara nne kama unaficha". Na ni kweli, kila mtihani nilikuwa narudi nao baada ya kipindi tunapitia swali kwa swali mpaka nikatoka C nikafika B+. Nilikuwa hata nimesahau kama nilikuwa nakunja hizo karatasi. Yeye hakusahau.

Mengine ya kuangalia ni ya haraka. Chukua ticha aliyekufundisha karibuni, hasa darasa la 11, ule mwaka wa pili kutoka mwisho wa sekondari, kwa sababu wa darasa la 9 anamzungumzia mtoto ambaye we sio yeye tena. Chukua somo la msingi: hesabu, sayansi, Kiingereza, historia, lugha. Chuo kikitaka wawili usipeleke wa fizikia na wa hesabu wote, changanya. Chuo cha MIT wanasema wazi, mmoja wa hesabu au sayansi, mwingine wa upande wa sanaa, jamii au lugha. Kocha au bosi wa kazini ana nafasi yake kwenye vyuo vinavyoruhusu barua ya ziada, asichukue kiti cha ticha. Na barua ya kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi shuleni, ni kitu kingine kabisa, usiihesabu hapa. Mkuu wa shule mwenye jina kubwa ambaye hamjawahi kuongea, achana nae. Na soma kila chuo kinataka ngapi, maana vyuo vya University of California kwa kawaida havitaki barua hata moja na watu wanahangaika bure.

Kuomba kwenyewe: nenda mapema, kabla darasa la 11 halijaisha, maana maticha wanaopendwa wanajaza idadi yao haraka na dedlaini za wanaowahi huwa Novemba 1, wakati za kawaida nyingi ni mwanzoni mwa Januari. Nenda ana kwa ana kama inawezekana. Usiseme "naomba uniandikie barua", hapo umembana, atasema ndio hata kama hana la kuandika. Uliza "unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?" Akisita, akianza kusema ana kazi nyingi, mshukuru uondoke na usinune, amekuokoa. Akikubali mpe karatasi moja, orodha ya vyuo na dedlaini, unataka kusoma nini, na vitu viwili vitatu vilivyotokea darasani kwake. Vya darasani KWAKE, sio vyeti vyako vyote toka chekechea.

Alafu Common App itakuuliza kama unaachia haki ya kuzisoma barua, haki inayotokana na FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu rekodi za wanafunzi. Achia. Ukigoma, chuo kinaweza kuhisi ticha ameandika huku anakuogopa, na maticha wengine hawaandiki kabisa bila hiyo. Ila soma vizuri kabla ya kusaini, maana barua ya kwanza ikishaingia hubadilishi tena.

Ikibaki wiki mbili mkumbushe mara moja, kwa adabu. Na majibu ya vyuo yakitoka mwambie, hata kama umekosa. Wa kwangu nilimpelekea majibu kwenye karatasi niliyoikunja mara nne.